Gitaa la besi Unguja

Gitaa la besi ni gitaa la umeme ambalo kwa kawaida lina nyuzi nne nene, zinazopangwa E, A, D na G kuanzia ule mzito. Kisiwani Unguja lilikuta besi mbili zenye heshima: kontrabasi la vikundi vya taarab kama Culture Musical Club (1958), na sanduku la muziki wa kidumbak, lenye fimbo na uzi mmoja ambao mpigaji huukaza na kuulegeza kwa fimbo hiyo. Mlio wa sanduku ni butu na mfupi. Hupiga kifuani kabla sikio halijaijua noti. Kontrabasi huvuma, tena huteleza kutoka noti hadi noti kwa kuwa shingo yake haina vikato vya chuma. Mtelezo huo gitaa la kawaida haliuwezi.

Magitaa yenyewe hayafanani. Fender Precision (1951) ina mlio mzito na shingo pana inayojaza kiganja. Jazz Bass (1960) ina shingo nyembamba na pickup (vinasa-mlio) mbili, na kila noti husikika bayana. Nyuzi bapa hupoza mlio, zile za kawaida huutia makali na kukwaruza vidole. Kwa taarab asilia, Precision yenye nyuzi bapa ndiyo inayokaribia kontrabasi; taarab ya kisasa, yenye vinanda vya umeme, huhitaji mlio unaopenya.

Katika vijiji vya ufukweni kama Uroa, upepo wa chumvi hutia nyuzi kutu upesi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga.