JEEVANJEE: BUSTANI YA BURE ILIYOPONEA CHUPUCHUPU KUWA MAEGESHO YA MAGARI

Pita Moi Avenue, Nairobi, mchana wa siku ya kazi, halafu chungulia ndani ya bustani ya Jeevanjee. Kuna wahubiri wanaokauka koo, wapiga picha wanaovizia wapenzi, na jamaa amejilaza kwenye nyasi, viatu kavifanya mto. Hakuna anayelipa kiingilio. Na si wengi wanaojua kwamba mahali hapo palikuwa mali ya mtu binafsi.

Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara kutoka Karachi, aliyetajirika kwenye ujenzi wa reli kwa kuleta vibarua na bidhaa. Mwaka 1906 alitoa kiwanja chake katikati ya mji, akatengeneza bustani, akawakabidhi wakazi wa Nairobi. Kumbuka, enzi hizo Mhindi hata awe na hela kiasi gani, mashamba ya nyanda za juu alikuwa anayasikia tu, ni ya Wazungu. Halafu sasa, ndani ya hiyo bustani akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, na aliyekuja kuizindua ni mtoto wa malkia mwenyewe! Mzee alijua kuishi na wakubwa, hilo halina ubishi.

Alifariki 1936. Kasheshe lenyewe lilikuja 1991, ulipoletwa mpango wa kujenga hapo maegesho na maduka. Kenya bado ilikuwa ya chama kimoja, na kupinga mambo ya wakubwa kungeweza kukulaza ndani. Ni kweli, 1989 kuna mwanamama wa mazingira alishaanzisha vita ya kuzuia jengo la ghorofa 60 pale Uhuru Park, lakini matusi aliyopata kila mtu aliyaona.

Mjukuu wa kike wa yule mzee hakurudi nyuma. Alikuwa msanii tu, hana cheo wala jeshi. Akakusanya saini, akapeleka kelele magazetini, na hoja yake ilikuwa nyepesi: babu aliwapa watu, sasa nyie mnauza kama nani? Mpango ukafa. Baadaye akaandika kitabu kizima kuhusu babu yake.

Bustani ikapona, watu wanakaa mpaka leo. Malkia ndiye hakubahatika. Mwaka 2015 sanamu yake ilikutwa imeangushwa chini, kichwa kimekatwa.