Majina ya pombe yanavyosimulia historia ya ulevi nchini

Lugha huhifadhi historia hata pale wasemaji wameisahau. Chukua majina ya pombe tunazozitaja kila siku nchini Kenya. Ukiyapanga kwa mfuatano wa wakati, utaona jinsi kinywaji cha sherehe kilivyogeuka kuwa sumu.

Baadhi ya majina makongwe yanatokana na miti. Pwani, mnazi ni mti na vilevile ni tembo linalogemwa kwenye mti huo. Maeneo ya Mlima Kenya, muratina ni pombe ya asali au miwa, na jina lake ni la tunda linalotiwa humo ili kuichachusha. Vinywaji hivi vilikuwa na wenyewe na wakati wake: mahari, matambiko, vikao vya wazee. Kijana hakujinywea tu.

Kisha ikaja chang'aa. Hii haichachushwi tu, bali huchemshwa na mvuke wake kukusanywa. Kwa kuwa kileo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na maji kwenye 100, kinachotangulia kutoka ni kikali mno. Jijini Nairobi, Wanubi wa Kibera, wazao wa askari waliotoka Sudan, walijulikana sana kwa kuipika.

Wazungu nao, kwa mikataba ya Brussels (1890) na Saint-Germain (1919), walikuwa wamebana uuzaji wa pombe kali kwa Waafrika, huku wao wakiendelea kunywa yao. Upishi ukahamia mafichoni. Serikali huru ilifuata njia hiyo hiyo ilipopitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa mwaka wa 1980. Wanywaji wakaiita "machozi ya simba". Jina la mafumbo ni dalili ya mtu anayejificha.

Mwishowe tukapata "kumi kumi". Jina hili halitaji mti, tunda wala sherehe. Linataja bei: shilingi kumi. Novemba 2000, pombe ya aina hiyo iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 130 katika mitaa ya mabanda Nairobi, na wengine wakapofuka.

Methanoli ni kemikali ya viwandani. Kwa macho na pua, ni vigumu kuitofautisha na kileo cha kawaida. Ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Ubaya ni kwamba dalili huchelewa kwa saa nyingi, hivyo mnywaji hudhani ni hangova tu. Anayeona ukungu baada ya kunywa asiachwe nyumbani eti "apoe". Akimbizwe hospitalini mara moja.

Sheria ya mwaka wa 2010 iliihalalisha chang'aa, mradi ipakiwe na kuwekwa lebo. Hata hivyo, mwaka wa 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 watu 17 wakafariki Kirinyaga.

Hivyo basi, marufuku haikuzuia maafa, na ruhusa pia haikuyazuia. Kilichobaki vilevile ni mnywaji mwenye shilingi chache mfukoni na muuzaji asiyejali anachochanganya. Zamani jamii iliuliza nani anakunywa, na kwa nini. Siku hizi swali ni moja: bei gani? Tusiporudia maswali yale ya kwanza, tutazidi kubuni majina mapya ya sumu ile ile.