Shahada Bila Kuhamia Chuoni: Historia ya Elimu ya Masafa Afrika Mashariki

Kusomea shahada mbali na chuo kikuu ni desturi ya zamani kuliko intaneti. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wasiosomea katika vyuo vyake kufanya mitihani yake ya shahada. Karibu karne moja baadaye, Chuo cha Makerere nchini Uganda kilikuwa kikiwaandaa wanafunzi wake kwa shahada hizohizo za London.

Nchini Tanganyika, Makerere ilifungua tawi la masomo ya nje ya chuo jijini Dar es Salaam mwaka 1960. Tawi hilo ndilo lililozaa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo mwaka 1975 ilipewa sheria yake yenyewe. Kwa njia ya posta, mwanafunzi wa sekondari aliletewa vijitabu, akajibu maswali, akayarudisha kwa bahasha na kungoja masahihisho. Redio nayo ilifundisha: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza. Lakini aliyetaka shahada hakuwa na budi kupanda Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliufanya ugumu huo uonekane wazi. Wahitimu wa kidato cha sita walitakiwa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kabla ya kuomba chuo. Hivyo mwombaji akawa mtu mzima mwenye ajira, mara nyingi na familia, ilhali chuo kilimtaka aache vyote akaishi bwenini. Wanawake ndio walioumia zaidi. Waombaji wao walipungua, hata sharti hilo likaondolewa kwao baada ya muda mfupi. Chuo kilichodai kumthamini mfanyakazi hakikuwa na namna ya kumfundisha akiwa kazini.

Walimu ndio waliofunguliwa mlango kwanza. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Shahada ya Ualimu ya nje ya chuo mwaka 1986, kikiiendesha kutoka Kikuyu, na Makerere ikafuata mwaka 1991. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 iliunda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kizima kisicho na bweni, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Masomo yalianza mwaka 1994. Mwanafunzi alisoma nyumbani kwa vitabu vya kozi, kisha akaenda kituo cha mkoa kuonana na wahadhiri na kufanya mitihani. Vituo hivyo ndivyo vilivyokibeba chuo, kwa kuwa posta peke yake isingemfikia kila mtu kwa wakati.

Kebo ya SEACOM, iliyofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, iliongeza kasi ya intaneti, na vyuo vya kawaida vikaanza kuweka mihadhara mtandaoni. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo, waliorudi vijijini waliikuta hali tofauti: umeme wa shida, mtandao hafifu, bando ghali. Vyuo vya Tanzania vilifunguliwa tena Juni 1 mwaka huo. Kenya ilianzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, kikifundisha mtandaoni tangu siku ya kwanza. Tangu hapo Mkenya anayetafuta shahada ana chuo cha umma kilichoundwa mahsusi kwa asiyeweza kuhama, ingawa gharama ya bando ameachiwa mwenyewe.