Msimbomilia na Skana Yake

Msimbomilia ni safu ya mistari myeusi juu ya weupe, minene kwa myembamba, inayobeba namba isomwayo na mashine kwa mwanga. Mbinu hiyo ilipata hataza Marekani mwaka 1952. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kuskaniwa ilikuwa pakiti ya chingamu, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, Juni 26, 1974. Madukani watu husema "bakodi". Wapo pia wanaoandika "msimbopau", kwa kuifananisha mistari na pau za paa. "Msimbomilia" ndilo lifaalo zaidi. Mkazi wa Simiyu, jirani wa Serengeti, akisikia "milia" humwona punda milia papo hapo, weusi na weupe wake, na kweli weupe nao husomwa: upana wa nafasi kati ya mistari ni sehemu ya namba.

Hata hivyo, neno hilo linaweza kumtia mnunuzi wa skana hasara. Wengi huliingizia pia msimbo wa QR, uliobuniwa na Denso Wave ya Japani mwaka 1994, ambao hauna milia bali ni mraba wa vidoadoa. Skana ya leza husoma milia tu. Skana ya kamera husoma vyote viwili, hata vikiwa kwenye kioo cha simu. Kwa mwenye duka Dutwa, kwenye barabara ya Lamadi hadi Bariadi, hilo ni swali la kutangulia bei.

Linalofuata ni jinsi skana inavyoungana na simu. Nyingi hutumia bluetooth na kujitambulisha kwa simu kama kibodi. Kuijaribu ni rahisi: hufunguliwa sehemu ya kuandika ujumbe, skana ikaelekezwa kwenye pakiti ya majani ya chai, na tarakimu 13 hujiandika zenyewe. Zikianza na 620, namba imetolewa kupitia GS1 Tanzania, ingawa hilo pekee halithibitishi kwamba chai ilichumwa nchini. Skana isiyo na hali ya kibodi huhitaji programu iliyotengenezwa kuipokea. Iliyo nayo huweza kuifanya kibodi ya kwenye kioo ipotee, hivyo ni vema iwe na kitufe cha kuirudisha.

Mwenye bidhaa chache hana haja ya skana. Kamera ya simu humtosha, kama inavyotosha kwa programu ya Hakiki Stempu inayokagua stempu za kodi za kielektroniki, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2019.

Mchele, dengu na choroko za kupima kwa kilo hazina msimbo. Mwenye duka huweza kuchapa wake, wenye namba inayoanza na 2, tarakimu iliyotengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Lebo hubandikwa palipo bapa, kwa kuwa mfuko laini ukikunjana milia hupinda na skana hukaa kimya.