Kura ya Mwenyekiti Iliyoigawa Debian

Zaidi ya miaka 10 imepita tangu wajumbe 8 wa Kamati ya Ufundi ya Debian, mfumo endeshi wa Linux, wagawanyike nusu kwa nusu, na mpasuko ule bado haujaziba. Walichogombania ni programu ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kabisa: init, ya kwanza kuamshwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kompyuta inapowaka. Hupewa namba 1 ya mchakato, na programu nyingine zote huanzia kwake. Ikifa, mfumo mzima husimama.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, iliishi miaka mingi na init iitwayo sysvinit, ambayo kiasili huendesha skripti moja baada ya nyingine. Mwaka 2006 Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, ikaja na init yake, Upstart. Mwaka 2010 Lennart Poettering akatangaza init nyingine, systemd, na mwaka uliofuata Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ikaichukua.

Oktoba 2013 suala la init ipi Debian itumie likafika mbele ya kamati, likasajiliwa kwa namba 727708. Katika kumbukumbu za mjadala ule, anayeng'ara ni mjumbe Russ Allbery. Hakukubali kuhukumu kwa mambo ya kusikia. Alichukua programu aliyokuwa akiitunza mwenyewe, akaiandalia mipangilio ya Upstart na ya systemd, akalinganisha, kisha mwishoni mwa Desemba akaeleza kwa kirefu kwa nini anaiunga mkono systemd. Hivyo ndivyo mtaalamu anavyopaswa kubishana. Mjumbe mwenzake Ian Jackson alimpinga vikali, akihofia kwamba programu nyingine zitaitegemea systemd hadi mtumiaji akose pa kuchagua. Hofu yake ilikuwa na msingi, kwani GNOME, mazingira ya eneo-kazi, ilikuwa imeshaanza kuegemea sehemu za systemd. Lawama nazo zikawaangukia wajumbe wawili walioajiriwa na Canonical, kampuni iliyotengeneza Upstart.

Februari 11, 2014, kura zikawa 4 kwa 4. Mwenyekiti, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya uamuzi na systemd ikashinda. Siku 3 baadaye Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, akatangaza kwamba Ubuntu nayo itafuata njia hiyo.

Amani haikuja. Novemba mwaka huohuo Allbery, Jackson na Colin Watson walijiuzulu kamatini. Tarehe 27 ya mwezi huo, wasimamizi wa seva waliochoshwa na mwelekeo huo wakatangaza Devuan, yaani Debian isiyo na systemd. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2017.

Desemba 2019 wanachama wa Debian walipiga kura tena: systemd ipewe kipaumbele, lakini milango ya kujaribu mifumo mingine ibaki wazi. Ruhusa hiyo ni ya thamani, na inasikitisha kuona wanaoitumia ni wachache mno.

Wewe unayesomea kompyuta, sakinisha Debian ndani ya mashine pepe, weka kifurushi cha sysvinit-core, uwashe upya, na uangalie ni huduma zipi zinakataa kuanza. Ukikuta hitilafu, waandikie watunzaji wa kifurushi hicho. Wanahitaji ripoti zako kuliko wanavyohitaji mabishano mapya.