Dabstepu na asili yake katika rege

Dabstepu ni muziki wa dansi wa kielektroniki uliozaliwa kusini mwa London, hasa Croydon, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huenda kwa mapigo 140 hivi kwa dakika, lakini kwa kuwa pigo kali la ngoma huangukia hesabu ya tatu tu, mwili huuhisi ukitembea kwa nusu ya kasi hiyo. Chini kabisa hulala besi ya hezi 40 au 50, ambayo spika ya simu haina uwezo wa kuitoa. Mtu akiulizwa kwa nini muziki huu haujachuja, huwa mwepesi kutaja vipande vya rege vilivyokatwa kwenye santuri za Jamaika na kupachikwa ndani yake: ukelele wa mghani, melodika, neno moja la Kirasta linalopotelea kwenye mwangwi. Vipande hivyo vipo na vinanogesha, ila ni chapa ya ukoo tu. Kilichorithiwa hasa ni ufundi wa kutunga kwa kupunguza.

Ufundi huo ulikomaa Kingston. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 santuri moja ya majaribio ilichongwa bila sauti ya waimbaji kwa bahati mbaya, na ilipopigwa dansini watu wakaujaza wimbo kwa vinywa vyao wenyewe. King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme, ndiye aliyeifanya ajali hiyo kuwa sanaa iitwayo dabu. Akiwa mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, alimzima mwimbaji, akaacha ngoma na besi, akarudisha gitaa kwa mkwaruzo mmoja, kisha akautupa mkwaruzo huo kwenye mwangwi mpaka ukafa wenyewe. Wahamiaji wa Kijamaika waliomiminika Uingereza kuanzia mwaka 1948 walianzisha huko saundi sistimu zao, yaani mitambo ya spika kubwa za dansini, na kwa miongo kadhaa mtambo wa mmoja wao, Jah Shaka, ulitikisa kumbi za London.

Hapa huja pingamizi la haki: waasisi wa dabstepu hawakutoka kwenye rege, bali kwenye muziki wa gereji (jina lililotokana na klabu ya New York iliyokuwa ndani ya jengo la kuegesha magari, si kwa mafundi wa injini). Skream na Benga walikuwa vijana wadogo waliotunga kwa programu za kompyuta, wakishinda Big Apple, duka la santuri la Croydon alikouza DJ Hatcha. Ni kweli. Lakini tutazame walichoifanyia gereji. Waliondoa uimbaji mtamu, wakapunguza kinanda, wakabakiza ngoma, besi na nafasi tupu. Kazi ileile ya Tubby. Hata njia ya kuufikisha muziki kwa watu ilikuwa ya Kijamaika: wimbo ulichongwa kwenye sahani ya asetati inayolika baada ya kupigwa mara chache, ukajaribiwa gizani mbele ya spika kubwa, katika usiku wa klabu wa FWD>> ulioanza 2001 au wa DMZ ulioanza Brixton 2005. “Anti War Dub” ya kundi la Digital Mystikz (2006) ni mfano mzuri: sauti ya Spen G huingia, hutoka, na pengo inaloliacha lina uzito kuliko maneno yenyewe.

Pingamizi gumu zaidi ni Skrillex. Huyu Mmarekani alianza kuvuma 2010 na kunyakua Grammy tatu mwaka 2012 kwa dabstepu isiyo na harufu kubwa ya rege. Aliwaletea muziki huu mamilioni ya wasikilizaji, na si haki kumdharau kwa hilo. Hata hivyo, besi yake iliyopandishwa ikawa mngurumo wa masafa ya katikati huziba kila tundu. Muziki wa aina hiyo hukua kwa kuongezwa kelele tu, na masikio yalichoka mapema. Mkondo wa zamani uliendelea bila tarumbeta: Deep Medi, lebo ambayo Mala wa Digital Mystikz aliianzisha 2006, imezidi kutoa santuri kwa miaka mingi baada ya wimbi la Marekani kupwa. Katika kumbi zake desturi ya Kingston ingali hai: besi ikishuka na ukumbi ukalipuka kwa mayowe, DJ huushika wimbo, akaurudisha mwanzo na kuupiga upya.