Adapta za umeme wa kadi ya grafiki

Kadi ya grafiki hupata umeme kwa njia mbili: sloti ya PCI Express kwenye madabodi, inayotoa hadi wati 75, na nyaya zitokazo moja kwa moja kwenye pawa saplai. Plagi ya pini 6 imepangiwa wati 75, ya pini 8 wati 150. Kompyuta nyingi za mtumba zilizotoka maofisini hazina plagi hizo, na hapo ndipo mafundi hutafuta adapta. Lakini adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haiongezi hata wati moja. Njia nzima hupimwa kwa mguso wake ulio dhaifu kuliko yote. Plagi ya SATA, kwa mfano, ilibuniwa kwa ajili ya diski. Ina pini 3 za volti 12, kila moja ikiruhusiwa ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Ukiigeuza kuwa ya pini 6, kadi itajiona ina haki ya wati 75. Adapta ya pini 6 kwenda 8 ina hila yake: pini mbili za ziada hazileti volti 12 kamwe. Zimeungwa kwenye graundi, na mojawapo kazi yake ni kuiarifu kadi kwamba wati 150 zipo. Kadi huamini.

Wapo watakaosema kadi zao zinafanya kazi hivyo bila tatizo. Inawezekana, kwa kuwa kadi ndogo huchota sehemu ya umeme kwenye sloti na hufika kileleni pale tu kazi inapokuwa nzito. Ila joto la kwenye mguso hupanda kwa mraba wa mkondo: ampea zikiwa maradufu, joto huwa mara nne. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la RTX 4090 ya Nvidia ya mwaka 2022, kadi ya wati 450. Adapta yake ilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe na ilikusanya hadi plagi 4 za pini 8, umeme wa kutosha kabisa, na bado baadhi ziliyeyuka. Hata hivyo ziliyeyukia kwenye mguso dhaifu uleule: plagi ya pini 16 inayoingia kwenye kadi, ambako karibu ampea 38 hupita katika pini 6 nyembamba. Nvidia ilitaja plagi zisizosukumwa hadi mwisho, na toleo la 2023 la plagi hiyo, 12V-2x6, likafupisha pini za kuarifu ili plagi iliyolegea isiruhusu kadi kuvuta umeme.